Kuchagua baiskeli ya shoki mbili kwa mteremko na friraidi, ukikaa Mombasa

Anayekaa Mombasa na kuipenda baiskeli ya mteremko, ile yenye shoki mbele na nyuma ya kushukia mlima kwa kasi, ana kazi mbili za ziada. Mlima hauko nyumbani, lazima aufuate. Halafu kuna hewa ya bahari, inayokula chuma usiku na mchana hata kama baiskeli imelala sebuleni. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo mawili. Milimita na pembe nitazitaja, ila msimamo wangu nausema mapema: kwa wengi wetu huku pwani, baiskeli inayofaa si yenye shoki ndefu kuliko zote. Ni ile utakayoweza kuifikisha kileleni, na ambayo beringi zake na mafuta ya breki zake utayapata mjini siku yakihitajika.

Hatua ya 1: Ujue mteremko wako, na utakavyopanda

Kutoka kisiwani, miinuko ya karibu ni vilima vya Mazeras na Rabai upande wa bara, na Shimba ukishavuka kivuko cha Likoni na kushika njia ya Kwale. Shimba inafika karibu mita 450 juu ya bahari. Hiyo inatosha kujifunza kuruka, kukata kona na kuiamini breki ya mbele. Anayetaka mlima hasa huenda Taita: Wundanyi iko kama kilomita 200 kutoka Mombasa, na kilele cha Vuria kina mita 2,208.

Kabla ya kuzungumzia baiskeli, kuna adabu ya mahali. Hifadhi ya Shimba ina ndovu na iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa hiyo huingii na baiskeli bila kuuliza lango na kupata ruhusa. Misitu ya kaya ya Wamijikenda, kama ile ya Rabai, ni mahali patakatifu, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Njia ikipita kando yake, pita kando. Usichimbe kilima cha kurukia pale, wala usikate mti. Kwenye mashamba ya watu, mwenye shamba aulizwe kwanza. Mara nyingi atakubali, na vijana wa hapo watakuwa wa kwanza kuja kutazama.

Sasa jiulize utapandaje. Kule Whistler, Kanada, mwendeshaji hukaa kwenye kiti cha kamba akapandishwa juu pamoja na baiskeli yake, tena na tena mpaka jioni. Sisi tuna pikapu, boda boda na miguu yetu. Jibu la swali hili ndilo litakaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Kipimo cha kwanza ni mwendo wa shoki, yaani gurudumu linaweza kupanda milimita ngapi likigonga jiwe. Baiskeli za kawaida za njia za porini zina 120 hadi 150. Za enduro, ambazo hushuka kwa kasi lakini bado zinapanda kwa pedeli, zina 150 hadi 170. Za friraidi, mchezo wa kuruka magenge na ngazi za mbao uliokulia British Columbia, huwa na 170 hadi 190 au zaidi. Za mashindano ya mteremko zina karibu 200 mbele na nyuma, uzito wa kilo 15 hadi 18, na mara nyingi giya saba tu, ndogo zote, kwa sababu hazikutengenezwa kupanda.

Kama una pikapu, au kundi la marafiki mnaochanga mafuta, nunua ya 200 na ufurahi. Kama huna, chukua ya enduro yenye 160 au 170, rimu imara, breki kubwa na springi ya chuma nyuma. Itashuka Vuria bila kukuogopesha, na utaweza kuipanda mwenyewe kutoka Mwatate ukiwa na subira. Nimewaona vijana wakinunua ya 200 kwa sababu inapendeza kwenye picha, kisha ikakaa ukumbini miezi mizima kwa kukosa wa kuipandisha. Inaniuma, maana pesa ile ingewatoa nje kila wiki.

Hatua ya 2: Tenganisha shoki ya kweli na pambo

Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Baiskeli nyingi za mitumba zinazoshushwa Kilindini zina springi nyuma. Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii ni dabo shoki kamili, imetoka Ujerumani." Mshukuru, kisha uijaribu. Simama pembeni, shika kiti kwa mikono miwili, bonyeza kwa uzito wako wote na uachie ghafla. Shoki ya kweli ina mafuta ndani yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na hayo ndiyo yanayoizuia springi isirudi kwa kishindo. Itapanda taratibu na kutulia. Ikiruka juu na kuchezacheza, umeshika springi tupu. Ukitua na springi tupu kutoka urefu wa mita moja, itakurusha juu ya usukani.

Tazama alama nyingine. Shoki ya kweli huwa na kifundo cha kurekebisha mwendo wa kurudi, mara nyingi chekundu, na ukikizungusha unasikia mibofyo na tabia ya shoki inabadilika. Springi ya pambo aghalabu imeandikwa 750 au 850 LBS/IN (ratili kwa inchi) na haina cha kurekebisha. Gurudumu la baiskeli ya pambo hufungwa kwa nati mbili au kwa ekseli nyembamba ya mkono wa haraka, ilhali baiskeli ya mteremko ina ekseli nene inayopita katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu: milimita 20 au 15 mbele, 12 nyuma. Breki za diski zinazovutwa kwa waya ni dalili nyingine. Na kwenye fremu tafuta kibandiko kidogo cha onyo kinachosema baiskeli hiyo si ya matumizi nje ya barabara. Ukikiona, mtengenezaji mwenyewe ameshakujibu.

Baiskeli ya namna hiyo inafaa kwenda dukani na kurudi, na kwa kazi hiyo haina ubaya. Kuruka nayo genge ni kucheza na shingo yako.

Hatua ya 3: Foki

Foki ni ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu, yenye shoki ndani. Foki za mteremko ni za aina mbili. Zile za taji mbili zimeshika shingo ya fremu juu na chini, kama za pikipiki. Hizo ndizo Fox 40, RockShox BoXXer na Marzocchi 888 za zamani. Za taji moja, kama Fox 36 na 38 au RockShox Lyrik na Zeb, ni nyepesi na usukani unazunguka zaidi kwenye kona za kubana. Kwa mwendo wa 160 hadi 180, taji moja inatosha kabisa.

Usikubali kufungiwa foki ya taji mbili kwenye fremu ambayo haikuandaliwa kwa ajili yake. Foki ndefu huongeza nguvu ya kupinda shingo ya fremu, na chuma hukatikia hapohapo shingoni.

Kwa foki ya mtumba, futa nguzo zinazong'aa kwa kitambaa safi na upitishe ukucha juu yake polepole, kuzunguka pande zote. Mkwaruzo unaonasa ukucha utakata sili, ule mpira unaozuia mafuta, mafuta yatoke na vumbi liingie. Ukiona vidoa vya kutu, ujue nguzo hizo ni za chuma cha bei ndogo, kwa sababu foki nzuri huwa na nguzo za alumini. Bonyeza foki mara kadhaa na utazame: utando mwembamba wa mafuta ni sawa, lakini pete nene ya mafuta inasema sili zimekwisha. Sili zinabadilishwa. Nguzo iliyochimbika ni gharama ya karibu foki nyingine.

Hatua ya 4: Shoki ya nyuma na hesabu ya springi

Kuna shoki za hewa na za springi ya chuma. Ya hewa ni nyepesi na unairekebisha kwa pampu maalumu. Ya springi hupokea mitikisiko midogo vizuri zaidi na haibadiliki sana inapopata joto kwenye mteremko mrefu. Nyuma napendelea springi, na sababu yangu kubwa ni ya hapa kwetu: sili za shoki ya hewa zikifa unahitaji spea ya kampuni ileile, ilhali springi haina pumzi ya kuvuja. Ipake mafuta kidogo, kutu isiishike.

Tatizo la springi ni kwamba lazima ilingane na uzito wako. Muuzaji atakwambia yoyote inafaa, nawe usikubali. Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mwendo wa gurudumu la nyuma, gawanya kwa mwendo wa shoki yenyewe. Mfano, gurudumu milimita 200 na shoki 75, unapata 2.67. Uzito wako pamoja na helmeti na vilinda mwili tuseme kilo 80. Karibu asilimia 65 yake hukaa nyuma ukiwa umesimama kwenye pedeli, yaani kilo 52. Zidisha 52 kwa 2.67, unapata karibu kilo 139, ambazo ni ratili 306. Unataka shoki izame asilimia 30 ukiwa juu yake: asilimia 30 ya milimita 75 ni 22.5, au inchi 0.886. Gawanya 306 kwa 0.886, unapata 345. Basi springi yako ni 350, na nambari hiyo imeandikwa ubavuni mwa springi, ikifuatiwa na urefu wa mwendo wake kwa inchi. Ukikuta baiskeli nzuri yenye springi ya 550 na wewe una kilo 65, andaa bei ya springi nyingine kabla hujalipa.

Pima pia urefu wa shoki kutoka tundu la bolti moja hadi jingine. Fremu za zamani zilitumia inchi, kwa mfano 9.5 kwa 3.0, za sasa hutumia milimita, na 250 kwa 75 ni kipimo cha kawaida cha baiskeli za mteremko. Siku shoki ikifa, vipimo hivyo ndivyo utakavyotafutia nyingine.

Hatua ya 5: Fremu, nyufa na chumvi

Omba baiskeli ioshwe kabla ya kuikagua. Muuzaji akikataa, ondoka. Ikishakauka, chukua tochi na upitie maungio yaliyochomelewa: nyuma ya shingo ya fremu na chini yake, kuzunguka mahali pa pedeli, kwenye mabano yanayoshika shoki, na kwenye mkono wa nyuma karibu na ekseli. Ufa mara nyingi huanza kama mstari mwembamba wa rangi iliyopasuka. Ukiwa na shaka, paka mafuta mepesi, subiri kidogo, futa kwa kitambaa kikavu. Ufa wa kweli utaendelea kutoa mafuta. Alumini yenye ufa usiipeleke kuchomelewa. Fremu nyingi hupikwa kwa joto maalumu baada ya kuchomelewa kiwandani ili zipate nguvu, na moto wa fundi wa jua kali huilegeza sehemu ile. Itashika mtaani, itakatika ukitua.

Fremu ya kaboni ya mtumba siishauri kabisa. Inaweza kuwa imeumia ndani na nje ikang'aa.

Sasa viungo. Simama nyuma ya baiskeli, shika kiti, iinue taratibu mpaka gurudumu la nyuma likaribie kuacha ardhi. Ukisikia kugonga kidogo kabla gurudumu halijanyanyuka, kuna uwazi kwenye bushi za shoki au kwenye beringi za viungo. Halafu shika tairi la nyuma na ulivute kulia na kushoto huku mkono mwingine ukigusa kila kiungo, utahisi kinachocheza.

Beringi zisikutishe. Nyingi ni saizi za kawaida za viwandani, zenye nambari kama 6900, 6902 au 6001, na maduka ya beringi mjini yanazijua nambari hizo bila kutaja baiskeli. Omba zenye mpira pande zote mbili, alama yake 2RS. Kinachotisha ni bolti ya kiungo iliyokamatwa na chumvi. Ekseli ya alumini ikikaa miaka ndani ya fremu bila grisi karibu na bahari, hushikana kama imemiminwa, na kuitoa kunaweza kuharibu fremu nzima. Kwa hiyo usione haya kumwambia muuzaji, "Naomba tufungue bolti hii moja, nitaifunga mwenyewe." Ikifunguka vizuri, nyingine huenda ziko hivyo.

Kuhusu muundo wa viungo, watengenezaji wanabishana sana, nami nitakuwa mfupi: kwa mtu wa pwani, kiungo kimoja kikubwa chenye beringi chache ni rahisi kutunza kuliko fremu yenye viungo vinane. Unapoteza kidogo kwenye breki, ambapo nyuma hukakamaa. Unapata amani.

Hatua ya 6: Breki

Tafuta za mafuta zenye pistoni nne, na diski za milimita 200 au 203. Chini ya hapo, mteremko mrefu wa Taita utazipasha moto mpaka mkono wa breki ukose nguvu.

Halafu uliza zinatumia mafuta gani. Shimano, zikiwemo Saint na Zee, hutumia mafuta ya madini. SRAM Code hutumia DOT 5.1, na hizo zinapokea hata DOT 4, inayopatikana katika kila duka la spea za magari kuanzia Changamwe hadi Likoni. Usiichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Na usitie DOT kwenye breki za mafuta ya madini hata fundi akikuapia. Mpira wa ndani utavimba na breki zitakufa. Hili nimelisikia likitetewa kwa sauti kubwa na mafundi wazuri wa pikipiki, watu wenye mikono ya dhahabu, ila pikipiki zao hazina mafuta ya madini. Ukichagua Shimano, agiza chupa ya mafuta yake kabla hujaihitaji.

Hatua ya 7: Magurudumu na tairi

Saizi ni tatu: inchi 26, 27.5 na 29. Hadi karibu 2013 baiskeli nyingi kubwa za mteremko zilikuwa za 26, na juu ya hizo Greg Minnaar wa Afrika Kusini alitwaa ubingwa wa dunia nyumbani kwao Pietermaritzburg mwaka huo. Za 29 ziliingia kwenye Kombe la Dunia la mteremko kwa nguvu mwaka 2017. Baiskeli ya 26 ya miaka ile ni nafuu sana leo na bado inaruka vizuri, lakini tairi nzuri na foki mpya za saizi hiyo zinazidi kuadimika. Ukipata ya 27.5 kwa nyongeza ndogo, chukua hiyo.

Upana wa tairi uwe 2.4 au 2.5, zenye tabaka mbili ubavuni. Ni nzito, kila moja kilo moja na zaidi, lakini karibu na bahari ardhi yetu ni jiwe la matumbawe, linalokata ubavu mwembamba siku ya kwanza. Taita ina miiba ya mgunga, kwa hiyo ondoa tyubu na utie maji ya kuziba matundu. Kwa joto hili hukauka mapema, yakague kila mwezi. Pima pia upana wa nafasi ya gurudumu la nyuma kwenye fremu, na wa habu yake: milimita 148, 150 na 157 si sawa, na habu ya mtumba isiyolingana usiilazimishe.

Rimu izungushe ukitazama pengo la breki au fremu. Ikiyumba kidogo, fundi wa spoki atainyoosha. Ukiona mbonyeo kwenye ukingo, hewa itakutoka kila ukitua.

Hatua ya 8: Kimo

Usinunue kwa herufi S, M au L. Baiskeli za 2010 zilikuwa fupi, na L ya wakati ule huwa sawa na M ya leo. Simama juu ya pedeli, magoti yakiwa yamekunjwa, viwiko nje, kidevu karibu na usukani. Kama unahisi utaanguka mbele, ni fupi. Pembe ya foki kwa ardhi iwe nyuzi 62 hadi 65. Ikiwa imesimama zaidi ya hapo, kwenye mteremko mkali gurudumu la mbele litakuwa chini ya kifua chako.

Hatua ya 9: Malipo

Nambari ya fremu aghalabu iko chini ya fremu, pale pa pedeli. Iandike kwenye karatasi ya mauziano pamoja na jina na kitambulisho cha muuzaji, na ulipe kwa M-Pesa ili pabaki alama. Nambari ikiwa imesuguliwa, iache hata ikiwa bei ya bure. Ukiagiza mpya kutoka nje, uliza ushuru wa forodha na VAT ya 16% kabla ya kulipa. Katika hali zote mbili tenga kama robo ya fedha zako kwa matengenezo ya mwanzo na mavazi: helmeti inayofunika uso mzima, vilinda magoti na glavu. Helmeti ya mtumba usinunue. Huwezi kujua imeshagonga nini.

Hatua ya 10: Kabla ya mteremko wa kwanza

Fungua bolti zote za viungo, moja baada ya nyingine, zisafishe, paka grisi nzito isiyoondoka na maji, uzifunge tena kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. Badilisha mafuta ya breki na uzitoe hewa. Weka shoki izame asilimia 30 nyuma na kama 20 hadi 25 mbele, ukiwa umevaa kila kitu. Tairi anza na psi 25 hivi, ongeza kama unasikia rimu ikigonga mawe.

Shuka njia rahisi kwanza, hata kama rafiki zako wanakungoja kwenye genge. Chini, simamisha baiskeli, pitia kila bolti kwa spana, gusa spoki mbili mbili kutafuta iliyolegea. Bolti za baiskeli iliyofunguliwa karibuni hulegea kwenye mteremko wa kwanza. Ukifika nyumbani, ioshe kwa maji ya mfereji, si mashine ya kuoshea magari inayosukuma maji hadi kwenye beringi. Ifute, paka cheni mafuta, na uiweke ndani, mbali na dirisha linalotazama bahari.